Binamu amevunja kiapo chetu, anasema gemu imemruhusu

SWALI

Shikamoo mshauri,

Nakuandikia kutoka Unguja. Nina miaka 31, kazi yangu ni uhasibu, na kila Jumamosi saa tatu usiku mimi na wenzangu sita tunakutana mtandaoni kucheza Europa Universalis IV. Kwa msomaji asiyeijua, ni gemu ya mkakati iliyotolewa mwaka 2013 na Paradox Development Studio ya Stockholm. Ramani yake ni dunia nzima. Inaanza tarehe 11 Novemba 1444, na kila mchezaji anashika nchi moja na kuiongoza kwa karne kadhaa: kodi, majeshi, biashara, dini, ndoa za kifalme. Mimi ndiye ninayeandaa kikao, na faili la gemu linakaa kwenye kompyuta yangu.

Nilichagua Kilwa. Mtoto wa ami yangu, aliyezaliwa Muscat na bado anaishi huko, alichagua Oman. Mwenzetu wa Mombasa ana Ureno, wa Toronto ana Dola ya Uthmaniya, na waliobaki wana Uhabeshi, Castile na Misri ya Wamamluki. Tangu siku ya kwanza tulikubaliana kwamba hatutacheza kama watu wanaobonyeza vitufe tu. Kila mmoja aigize mtawala wake. Barua za kidiplomasia ziandikwe katikati ya wiki kwenye kundi letu, kwa lugha ya ikulu, na maamuzi ya Jumamosi yaendane na tabia ya mtawala huyo. Hilo ndilo lililonivuta mimi. Nilianza kusoma habari za Kilwa ya kweli, sarafu zake za shaba, dhahabu ya Sofala, jumba la Husuni Kubwa, ili sultani wangu azungumze kama mtu wa pwani hii.

Mwaka 1509 wa gemu, mimi na binamu tuliandikiana mkataba tukauita Udugu wa Bahari. Oman haitashusha askari kusini mwa Mogadishu, na Kilwa haitawapa Wareno bandari wala maji, "maadamu sultani na imamu wako hai." Kwa zaidi ya miaka ishirini ya gemu, ambayo kwetu ilikuwa vikao vinne, mkataba ule ulisimama. Nikauamini. Nikapeleka jeshi lote kusini kupigania dhahabu ya Mutapa, na ngome zangu za kaskazini nikazipunguzia matunzo ili kuokoa fedha.

Kikao kimoja kiliishia mwaka 1531, imamu wake akiwa amefariki na mrithi ameshika nchi. Katikati ya wiki binamu akaniandikia barua ya Idi, ndefu na nzuri, ya imamu mpya kwa sultani. Jumamosi akatangaza vita. Alikuwa na dai juu ya Zanzibar, yaani sababu ya vita inayotambuliwa na gemu, alilolitengeneza kimya kimya kwa majasusi. Kufikia 1533 nilikuwa nimepoteza Unguja, Mombasa na Malindi, na pato langu la biashara limekatika.

Nilipomuuliza, alinijibu mambo matatu. Mkataba ulikufa na imamu. Hatukuwahi kubonyeza kitufe cha ushirika. Na gemu imeruhusu. Ni kweli kitufe hatukubonyeza, kwa sababu nafasi zangu za uhusiano wa kidiplomasia zilikuwa zimejaa, na kuongeza mmoja kungenitafuna pointi kila mwezi. Niliona barua inatosha kwa watu wa damu moja.

Jumamosi iliyofuata nilipakia faili la 1531, la kabla ya vita, tukaanza hapo. Wenzangu walinyamaza. Binamu alikaa dakika chache akaondoka kikaoni.

Sasa kundi limegawanyika. Wa Toronto na wa Castile wanataka barua zifutwe, tubaki na gemu tupu. Wa Uhabeshi anataka kinyume chake, kila vita vipigiwe kura kwanza tuone kama vinaingia akilini kihistoria. Mwenzetu wa Misri, ambaye nchi yake ilimezwa na Waturuki kitambo lakini bado anaingia kila Jumamosi kutusikiliza, amesema tu kwamba anasikitika. Na juzi ami amenipigia kuuliza kwa nini mwanawe hataki kutajiwa jina langu.

Nani ana haki? Na uigizaji na hesabu za gemu vinawezaje kukaa nyumba moja?

Msimamizi wa kikao, Unguja

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote jicho limekwama pale pale, kwenye sentensi uliyoipitisha haraka: ulipakia faili la 1531. Hukusema kwamba uliwauliza wenzako, nami nachukulia hukuwauliza. Tuanzie hapo. Binamu yako alivunja mkataba ndani ya gemu, akiwa imamu wa Oman. Wewe ulivunja mkataba nje ya gemu, ukiwa mwenye faili. Imamu anaweza kulaaniwa kwenye barua za wafalme wengine, anaweza kuundiwa muungano, anaweza kupigwa. Mwenye faili hana wa kumpiga. Usiku mzima wa watu saba umefutwa na mmoja aliyeshindwa, na kila mmoja wao sasa anajua kwamba ushindi wake unadumu mpaka siku utakapokuuma wewe. Kimya chao kilikuwa na maana hiyo. Ningekuwa Mreno wenu wa Mombasa, nami ningenyamaza, na wiki ya pili huenda nisingeingia.

Sisemi hivi ili kumpa binamu haki yote. Nasema kwa sababu utakayoyasoma huko mbele hayatafaa kitu kama hili halijanyooshwa.

Sasa mkataba wenyewe. Uliandika "maadamu sultani na imamu wako hai." Imamu akafa. Kwa herufi, binamu yuko sahihi, na maneno ni yenu wenyewe. Lakini kuna jambo lililonigusa zaidi, nalo umelikiri mwenyewe: nafasi zako za uhusiano zilikuwa zimejaa. Gemu hii inahesabu uhusiano wa nchi. Ukizidisha kikomo, pointi za diplomasia zinakatwa kila mwezi. Uliangalia bei ya kuifanya Oman mshirika wa kweli, ukaona ni kubwa, nafasi hizo ukawapa wengine, halafu ukataka barua ikupe ulinzi uleule bure. Kitufe kile ulichokiona kama urasimu kingekukinga kwa namna iliyo wazi kabisa, kwa sababu gemu haimruhusu mtu kumtangazia vita mshirika wake. Ingemlazimu avunje ushirika kwanza, wewe ukaona, ukarudisha jeshi kutoka Mutapa na kuziamsha ngome. Uigizaji wako ulikuwa mzuri, mwanangu, ila haukuwa na kitu chochote mezani. Na hesabu za binamu zilikuwa safi, ila hazikuwa na mtu ndani yake. Hapo ndipo mlipopishana.

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliuonyesha uongozi wa jeshi mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, wenye vipande vya vikosi, dadu, na majedwali yaliyosema kila shambulio limeua wangapi. Kati ya pande mbili alikaa mwamuzi. Mchezo ukasambaa jeshini, na maofisa wakaanza kulalamika kwamba majedwali yanachosha na kuchelewesha, muda mwingi unakwenda kwenye kujumlisha badala ya kufikiri kama kamanda. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza majedwali na dadu viwekwe pembeni, mwamuzi mwenye uzoefu aamue matokeo kwa akili yake. Kukawa na kambi mbili, ya majedwali na ya akili ya mtu. Nilipokuwa naijifunza historia hii nilitaka sana kujua nani alishinda. Baadaye nikaona kitu kilichonifaa zaidi. Waligombania majedwali, lakini mwamuzi hakuna kambi iliyomwondoa. Pande zote mbili zilikubali kwamba lazima awepo mtu asiye na jeshi mezani. Kwenye kikao chenu mtu huyo hayupo. Mwamuzi ni wewe, na wewe ndiye Kilwa.

Uchukue na mfano wa mchezo wa mezani uitwao Diplomacy. Allan Calhamer aliutoa mwaka 1959, nakala 500 kwa gharama yake mwenyewe. Dola saba za Ulaya, kuanzia 1901, bila dadu. Wachezaji wanazungumza, wanaahidiana, kisha kila mmoja anaandika amri zake kwa siri na zote zinafunguliwa kwa pamoja. Hakuna kanuni hata moja inayomlazimisha mtu kutimiza ahadi. Na bado pale neno lina uzito mkubwa, kwa sababu jeshi moja haliwezi kuling'oa jeshi lenye nguvu sawa nalo pasipo msaada wa jeshi jingine, na mara nyingi msaada huo uko mkononi mwa jirani. Kanuni zenyewe zinakufanya umhitaji mwenzako. Gemu yenu haiko hivyo. Oman yenye merikebu na fedha inaweza kukua bila kumwomba mtu. Basi neno halina uzito wa asili, na kundi ndilo linalopaswa kulipa uzito.

Utalipaje? Umesema unasoma habari za Kilwa ya kweli, basi tuiangalie. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga na kumlazimisha Amiri Ibrahim kutoa ushuru wa dhahabu. Dhahabu ile ikafika Lisbon, na mwaka 1506 ikafuliwa kuwa chombo cha ibada, Custódia de Belém, ambacho mpaka leo kimo kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa za kale mjini humo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na kundi jingine la merikebu. Ushuru ulikuwa haujaendelea kulipwa. Akauteka mji, akamweka Muhammad Ankoni badala ya Ibrahim, akajenga ngome. Kufikia 1512 Wareno walikwisha kuiacha ngome hiyo. Sikusimulii haya kuusifu unyang'anyi ule, ambao ulitia mji jeraha kubwa. Nataka uone kwamba mapatano ya zama hizo, ya haki na ya dhuluma, yalibeba kitu kinachoshikika: dhahabu iliyopimwa, bendera, binti aliyeolewa, ngome. Anayevunja alikuwa na cha kupoteza, na anayevunjiwa alijua mapema kwamba kitu hakikufika. Siku ushuru usipofika, hilo peke yake ni barua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kundi: tenganisheni salamu na mkataba. Salamu ni barua yoyote ya ikulu, ya Idi, ya pole, ya vitisho, ya mapenzi. Salamu inaruhusiwa kudanganya. Barua ile ya Idi ya imamu mpya ilikuwa salamu, na kusema kweli ni uigizaji mzuri mno. Ukiisoma tena baada ya hasira kupoa utaona kijana ametawazwa juzi, anamtabasamia jirani huku majasusi wake wako Zanzibar. Watawala walifanya hivyo. Mkataba ni kitu kingine. Mkataba unasomwa mbele ya wote, unataja mwaka wa gemu unaoanza na unaoisha, unasema wazi kama mrithi anaurithi, na kila upande unaweka kitu ndani yake ambacho gemu inakihesabu. Inaweza kuwa nafasi ya uhusiano, yaani ushirika au ndoa ya kifalme. Inaweza kuwa ruzuku ya fedha ya kila mwezi, ambayo gemu inakuruhusu kumpa nchi nyingine. Inaweza kuwa kisiwa kinachokabidhiwa. Mkataba usio na kitu ndani yake uiteni salamu, na msimlaumu mtu akiuvunja.

Na bei ya kuvunja iandikwe mle mle. Hapa mjifunze kwa waliotengeneza gemu. Ukiishambulia nchi mkiwa bado kwenye kipindi cha kusitisha vita, gemu inakukata alama 5 za utulivu wa nchi yako, na kipimo chote cha utulivu kinatoka hasi 3 mpaka chanya 3. Ukitangaza vita bila sababu yoyote inayotambulika, unakatwa 2. Hawakukataza. Waliweka bei, mtawala akaachiwa achague kama jambo lina thamani hiyo. Fanyeni vivyo hivyo. Anayevunja mkataba amlipe aliyevunjiwa ruzuku kwa miaka kumi ya gemu, na mdhamini yeyote aliyetajwa kwenye mkataba awe huru kuingia vitani dhidi yake bila yeye mwenyewe kuhesabiwa mvunjaji wa mikataba yake mingine. Viwango mtapanga wenyewe. Shikeni jambo moja tu, bei isiwe kubwa kiasi kwamba hakuna atakayethubutu. Kundi ambalo hakuna anayeweza kusaliti limepoteza nusu ya historia ya karne hizo.

Ndiyo maana siliungi mkono pendekezo la Mhabeshi wenu la kupigia kura kila vita. Namwelewa, anapenda hadithi kama unavyoipenda wewe. Lakini kura itawapa walio wengi silaha ya kumfunga aliye na nguvu, na watapigia kura maslahi yao huku wakiitaja historia. Tena, nani atakayeamua kwamba jambo haliingii akilini? Watu wa Mombasa waliiomba Oman msaada dhidi ya Wareno. Jeshi la Oman likaizingira Ngome ya Yesu kuanzia 1696, likaichukua mwaka 1698, na baada ya hapo Oman ikawa mtawala mpya. Watu wakasimama dhidi yake mwaka 1728, Wareno wakarudi kwa muda mfupi, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata. Halafu Wamazrui, waliotumwa kuushika mji kwa niaba ya Oman, wakajitawala kwa miongo mingi, wakafika hata kuwaalika Waingereza wawalinde mwaka 1824, mpaka Seyyid Said alipouchukua mji mwaka 1837. Angetokea mtu kwenye kikao chenu akapendekeza mfululizo huo, kura ingemkatalia kwamba amezidisha.

Wa Toronto na Castile nao nawaelewa, wamechoka kuona ugomvi. Lakini mkifuta barua mtabaki na gemu ambayo kila mmoja wenu angeweza kuicheza peke yake na kompyuta. Mliokaa Unguja, Muscat, Mombasa na Toronto mmekuwa mkipatana saa kila Jumamosi kwa sababu ya wale wafalme. Hilo lisiachwe kwa sababu ya mkataba mmoja ulioandikwa vibaya.

Kuna jambo dogo la kikao ambalo nimeliona likisaidia. Vita vikitangazwa, simamisheni gemu kwa dakika tano. Mshambuliaji aseme kwa kinywa cha mtawala wake kwa nini anapigana, na sababu hiyo ilingane na sababu ya vita aliyoichagua kwenye gemu. Mistari mitatu inatosha. Mtu ambaye si mwandishi asihukumiwe kwa lugha. Na kwa vyovyote vile msianzishe zawadi za fedha au pointi kwa barua nzuri. Najua makundi mengi hufanya hivyo na wanaona wanatia moyo uigizaji. Mimi sipendi. Mwenye muda na kalamu anatajirika, mwenye watoto wadogo na zamu za usiku anafilisika, na barua zinaanza kuandikwa kwa ajili ya malipo.

Binamu yako alikosea hapa, kwenye zile dakika tano ambazo hazikuwepo. Dai juu ya Zanzibar halitengenezwi kwa siku moja. Mtandao wa majasusi unajengwa miezi na miezi. Alikuwa na muda wa kujua imamu wake mpya ni mtu wa namna gani na anataka nini. Angeweza kusema: baba yangu aliapa, mimi sikuapa, na bahari haiwezi kuwa na mabwana wawili. Ungeumia, lakini ungeumia ndani ya hadithi, na sultani wako angekuwa na jibu. Badala yake ulipomwendea kama sultani, alikujibu kama mtu wa vitufe. "Gemu imeruhusu" si jibu kwa watu waliokubaliana kuigiza. Hilo una haki ya kumwambia. Mwambie mara moja, kwa upole, na baada ya kumwomba radhi.

Nikirudi kwa mwamuzi. Jina lake unalo kwenye barua yako mwenyewe. Mwenzenu wa Misri, nchi yake imemezwa, na bado kila Jumamosi anaingia kuwasikiliza. Anazijua barua zote, anawajua tabia zenu, hana jeshi hata moja kwenye ramani. Mwombeni yeye. Faili likae kwake. Yeye ndiye asimamishe gemu, asome mkataba wenye utata na kusema una maana gani, na kama kuna siku umeme umekatika au mtandao wa mtu umekufa katikati ya vita, yeye peke yake aamue kama mnarudi nyuma. Wachezaji wa bao wanalijua hili. Mgeni akija kutoka mji mwingine, kabla ya kete kugawanywa watu huulizana kwanza nyumba, yaani lile shimo maalumu la ubao, inachezwaje, na kuna mzee pembeni ambaye akisema kete imelala, imelala. Mpeni pia kazi ya kuandika kwa kifupi kilichotokea kila kikao. Aliyepoteza nchi mapema akakaa bila kazi kwa miezi anastahili zaidi ya kusikitika tu.

Naye aamue la faili, ila najua ningemwomba nini kama ningekuwa wewe. Natumaini lile la 1533 bado unalo. Rudisheni lile, pamoja na kushindwa kwako. Najua unalipenda jina la Kilwa na umeliishi miezi yote hii, na kuiona Unguja, mji wako mwenyewe, ikiwa na rangi ya nchi nyingine kunauma. Lakini angalia ulichobaki nacho. Una Kilwa yenyewe. Una Sofala, na jeshi lako lote liko huko huko kusini kwenye dhahabu. Amani ya gemu hii inakuja na kipindi cha kusitisha vita cha kati ya miaka 5 na 15, ambacho Oman ikikivunja italipa zile alama 5. Mreno wenu wa Mombasa anaiangalia Oman inavyonenepa na hawezi kuwa amefurahi. Sultani aliyeapa kutowapa Wareno maji sasa hana kiapo. Atawapa? Kuna wiki nzima ya barua hapo, na mimi ningependa kuzisoma kuliko zote ulizowahi kuandika ukiwa salama.

Kwa ami, mpigie wewe, usimngoje. Mwambie mlikosana kwenye mchezo na kosa la kwanza la kurekebishwa ni lako, basi. Wazee hawahitaji kujua habari za vitufe. Kisha mpigie binamu kwa sauti, usimwandikie kwenye kundi. Usianze na Zanzibar wala barua ya Idi. Sema: nilirudisha faili bila kuwauliza, haikuwa haki, lile la 1533 nimelitunza na nampa mwenzetu wa Misri alishike. Akikusikiliza mpaka hapo, muulize imamu wake mpya anaitwa nani na alikulia wapi, kwa sababu sultani anataka kumwandikia na hajui amwite nani.